Mwanao Anaitwa Nani Huko Nje?

 

Leo hatuanzi na andiko. Tunaanza na swali. Mzazi, mwanao anaitwa nani? Hatuulizi jina lililoandikwa katika cheti cha kuzaliwa, wala lile alilolitamka mchungaji siku ya ubatizo. Hilo walijua. Tunauliza anaitwa nani huko nje, kisimani, njiani, chini ya mwarobaini wanakocheza mpira, wakati wewe haupo. Wazazi wengi hawajui, na wengine wakiambiwa hushtuka.

Kumpa mtoto jina ni kazi ya heshima. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Kwa Wajaluo, aliyezaliwa jioni ni Odhiambo. Sisi Wakristo twaongeza jina kutoka katika Biblia, na mara nyingi twaliombea kwanza. Kisha mtoto anakwenda shule, na kabla ya mwezi kwisha jina limekatwa, limepindwa, au limewekwa kando kabisa. Stephen amekuwa Stivo. James amekuwa Jemo. Wanjiru ni Shiru, Odhiambo ni Odhis, Fatuma wa jirani ni Fatu na Mohamed ni Moha. Wapo wazazi wanaopiga marufuku jambo hili, wakasimama mlangoni na kusema kwamba wao hawakumzaa Stivo. Hasira yao twaielewa, lakini haijafaulu bado. Jina likishatoka nje ya mlango si lako peke yako tena.

Basi kabla ya kukasirika, tutazame kwa nini mambo huwa hivyo. Na kwa somo hili hatujui mahali pazuri pa kujifunzia kuliko hapa, katika ule uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao sasa ni kaunti tatu za Garissa, Wajir na Mandera.

Kwa Wasomali jina la utani huitwa naanays, na si mchezo wa watoto tu. Msomali hana jina la ukoo kama wanavyodhani makarani wa ofisini. Ana jina lake, jina la baba yake, na jina la babu yake, basi. Ukitaka zaidi ataendelea kuhesabu, maana mtoto hufundishwa kuwataja baba zake kizazi baada ya kizazi, na hesabu hiyo huitwa abtirsi. Mwanamke naye akiolewa habadilishi jina; hubaki binti wa baba yake mpaka kufa. Sasa majina yenyewe, mengi ni ya dini, nayo hurudiwarudiwa: Mohamed, Ahmed, Ali, Hassan, Hussein, Abdi, Ibrahim. Mwalimu mgeni na afungue rejista, aite "Mohamed Ali," aone kama hawatasimama watoto watatu kwa pamoja. Hatatoka hapo mpaka watoto wenyewe wamsaidie. Huyu ni Dheere, yaani mrefu. Huyu ni Gaab, mfupi. Yule ni Gurey, atumiaye mkono wa kushoto, na yule aliye nyuma ni Madobe, mweusi.

(Msishangae mkiyaona majina haya yameandikwa kwa namna tatu au nne. Kule Somalia maandishi rasmi ya Kisomali kwa herufi za Kirumi yalianza mwaka 1972, na kwa maandishi hayo Abdi huandikwa Cabdi. Makarani wetu huandika kama masikio yao yalivyosikia.)

Wala majina hayo hayaachwi utotoni. Rais wa kwanza wa Somalia, Aden Abdulle Osman, aliyetawala kutoka 1960 hadi 1967, watu walimwita Aden Adde, maana Adde ni mweupe. Na leo uwanja wa ndege wa Mogadishu unaitwa Aden Adde, jina la utani limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Siad Barre, aliyepinduliwa Januari 1991, aliitwa Afweyne, Mdomo Mkubwa. Yule aliyekuwa rais kutoka 2017 hadi 2022 ni Mohamed Abdullahi Mohamed. Tazama jina hilo, lina Mohamed mbele na Mohamed nyuma! Watu wangemtambuaje? Walimwita Farmajo, neno lililotoka kwa Kiitaliano lenye maana ya jibini. Na huyo anayeongoza Jubaland kule Kismayu, Ahmed Mohamed Islam, hata magazeti yetu humwita Madobe. Nyuma zaidi, katika karne ya 16, kulikuwa na Imam Ahmed aliyepigana na Wahabeshi mpaka akauawa mwaka 1543. Wasomali humwita Gurey, na Wahabeshi, adui zake, humwita Gragn. Yote mawili maana yake ni mwenye mkono wa kushoto. Marafiki na maadui hawakupatana juu ya kitu kingine chochote kuhusu mtu huyo, ila mkono wake waliuona wote.

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo lenyewe. Jina la ubatizo hutolewa na mtu ambaye bado hajamwona mtoto akikua. Ni tumaini. Jina la utani hutolewa na waliomwona. Wamemwona akikimbia, akianguka, akila, akicheka, nao wamesema waliloona. Ndiyo maana hushika kama gundi.

Sasa fungueni Biblia zenu, Matendo ya Mitume sura ya 13, aya ya kwanza. Luka anawataja manabii na waalimu wa kanisa la Antiokia, lile kanisa lililowatuma Barnaba na Sauli. Mmoja wao ni Simeoni, naye anaongeza kwamba mtu huyo aliitwa Nigeri. Nigeri ni neno la Kilatini, maana yake mweusi. Kwa lugha ya Garissa, ndugu zangu, huyo ni Simeoni Madobe! Roho Mtakatifu hakuona aibu jina hilo liandikwe, wala Simeoni hakudai lifutwe.

Na kwa nini walimwita hivyo? Kwa sababu ile ile ya rejista ya shule. Hesabuni akina Simoni wa Agano Jipya peke yake. Yupo Simoni Petro. Yupo Simoni Zelote. Yupo Simoni ndugu yake Bwana, na Simoni mwenye ukoma wa Bethania, na Simoni Farisayo aliyemkaribisha Yesu chakulani. Yupo Simoni Mkirene aliyebeba msalaba, Simoni baba yake Yuda Iskariote, Simoni mchawi wa Samaria, na Simoni mtengenezaji wa ngozi wa Yafa. Tumefika tisa, na akina Maria hatujawagusa. Wayahudi wa wakati ule walipenda majina machache yale yale, kama jirani zetu wanavyompenda Mohamed, na hapo palipokuwa na watu wengi na majina machache, majirani walifanya kazi yao. Yakobo mmoja aliitwa Mdogo (Marko 15:40). Yusufu mmoja aliitwa Barnaba, mwana wa faraja, kwa sababu ya tabia yake; Yusufu mwingine aliitwa Barsaba, na juu yake tena Yusto. Tomaso maana yake ni pacha, na Didimo ni pacha vilevile kwa Kiyunani, hivi kwamba twamjua mtume huyu kwa utani wa lugha mbili, na jina alilopewa na mama yake Injili hazikututajia.

Hata kukata majina kulikuwapo. Yule mama mshona hema ambaye Luka humwita Prisila, Paulo katika Warumi 16:3 humwita Priska. Sila wa Matendo ndiye Silwano wa nyaraka. Kwa hiyo Stivo na Jemo wasijione wa kwanza.

Bwana Yesu mwenyewe aliwapa watu majina ya namna hii. Wana wa Zebedayo aliwaita Boanerge, Wana wa Ngurumo (Marko 3:17), na msomaji akifika Luka 9:54, pale wanapotaka moto ushuke kuteketeza kijiji kizima kwa sababu ya kunyimwa mahali pa kulala, ataona jina liliwafaa. Sisi twaamini Bwana alitabasamu alipolitamka. Lakini Simoni alimpa jina la namna nyingine. Alimwita Kefa, jiwe, siku ile ile ya kwanza walipokutana (Yohana 1:42), kabla jiwe hilo halijaonekana mahali popote. Wenzake wangalimtazama Simoni na kumwita Ropoka, au Mwepesi wa Upanga. Yesu alimwita kwa kitu ambacho bado hakijawa.

Na sisi sote twachukua jina la utani. Matendo 11:26 yasema ni huko huko Antiokia, katika mji wa Simeoni Madobe, wanafunzi walipoanza kuitwa Wakristo. Hawakujiita wao, waliitwa. Katika Agano Jipya lote neno hilo laonekana mara tatu tu, moja likiwa mdomoni mwa mfalme Agripa asiyeamini, na Petro anapolitumia (1 Petro 4:16) anawasihi watu wasilionee haya, dalili kwamba wapo walioona haya.

Lakini ngojeni. Tusije tukafikiri kwamba kila jina la utani ni zuri kwa sababu Biblia inayo mengi. Wasomali wanayo majina ambayo mgeni akiyasikia humsisimka mwili. Indhoole ni kipofu. Dhegoole ni kiziwi. Wenyeji huyatamka waziwazi, mara nyingine mbele ya mwenyewe, na mwenyewe huitika, akaendelea kuongea habari za mvua. Hatuwahukumu. Pengine kuna uaminifu fulani katika kutoficha mambo, kuliko sisi watu wa bara tunaomsema kilema nyuma ya mgongo wake. Hata hivyo si wote wanaoitika kwa furaha, na waalimu wa Kiislamu wenyewe wajua hivyo, maana Kurani katika sura ya 49 aya ya 11 inakataza watu kuitana kwa majina ya dharau. Nasi tuna Mathayo 5:22, ambapo Bwana anamweka anayemwita nduguye mpumbavu karibu sana na moto. Kwa jambo hili msikiti na kanisa hawana ugomvi.

Tuchukue mfano wa mtoto mmoja, Danieli. Baba yake ni mwalimu aliyehamishiwa Garissa kutoka Kitui. Muhula wa kwanza watoto wanamwita Dani. Muhula wa pili, kwa kuwa hajarefuka, ni Gaab. Muhula wa tatu hata mwenye duka anasema, "Gaab, mwambie mama maziwa yamefika." Je, baba akasirike? Tungemshauri baba huyo anywe maji kwanza, kisha aulize. Gaab hiyo huenda ni mkeka waliomtandikia mtoto wake wakae pamoja. Naanays hupewa mtu aliye wa mtaa. Wa kupita njia haitwi jina lolote. Lakini huenda Danieli anaitwa jina jingine ambalo hakulileta nyumbani, linalohusu nywele zake.

Hapa tunafika penye jambo zito, nasi hatutalipita kimya. Kuna majina ya utani ambayo hayampi mtu mmoja alama yake, hufunika kabila zima kwa blanketi moja. Katika mkoa huu mtu wa bara huitwa nywele ngumu, au kwa Kisomali jareer, neno hilo hilo. Mtoto wa miaka minane akiitwa hivyo na darasa zima hawezi kulipeleka jina hilo kwa kinyozi likanyolewa. Anakaa nalo. Naye akirudi nyumbani, anasikia nini? Anamsikia mama, mwimbaji wa kwaya, akimtuma: "Kimbia kwa Warya ukalete sukari." Waryaa kwa Kisomali ni neno la kumwitia mwanamume, kama kusema "Ewe!" Wenye rika moja huitana hivyo bila ubaya, lakini si jina la mtu, sembuse la taifa. Na mwenye duka ana jina. Pengine anaitwa Warsame, ambalo maana yake ni habari njema. Basi yupo Mkristo ambaye kila asubuhi hununua sukari kwa Bwana Habari Njema, akamwita Ewe, kisha Jumapili akaomba Injili ienee Garissa.

Liko na jina baya kuliko hilo. Neno shifta limetoka Ethiopia, na maana yake ni jambazi. Serikali ya Kenya ililitumia kwa wapiganaji waliotaka sehemu hii iungane na Somalia, katika vita vya 1963 hadi 1967. Lakini jina halikukaa kwa wapiganaji. Lilimfuata mchungaji wa ngamia ambaye hajapata kushika bunduki, lilimfuata mtoto wake aliyepelekwa shule ya bara, na liliendelea kutamkwa ofisini na ndani ya mabasi miaka mingi baada ya mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Sheria za hali ya hatari nazo zilikaa katika mkoa huu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Yale ambayo mtu mwenye dhamiri hangeweza kumtendea Abdi bin Hassan, aliweza kumtendea shifta. Jina lilifanya kazi hiyo kwanza, halafu mikono ikafuata.

Nasi Wakristo wa hapa twajua upande wa pili wa jambo hilo, kwa machozi. Tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi, na waliowaua waliwachagua Wakristo kwa dini yao. Kwa siku nyingi walitajwa kama 147, hesabu ya kwanza iliyotolewa, mpaka Wakenya wengi wakachoka na namba, wakaanza kuwataja mmoja mmoja kwa majina na kuonyesha picha zao. Walihisi, bila kufundishwa, kwamba kumzika mtu kama namba ni kumuua mara ya pili.

Mwaka huo huo, Desemba 21, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na watu wenye bunduki karibu na El Wak. Jina la mji huo maana yake ni kisima cha Mungu. Wak ni jina la kale la Mungu kwa watu wa Kikushi, nalo limo pia ndani ya jina la Abdwak, mojawapo ya koo kubwa za Garissa. Abiria waliamriwa wajitenge, Waislamu huku, wengine kule. Waislamu walikataa. Akina mama walikuwa wamewapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa, na abiria wakawaambia wale watu kwamba wawaue wote pamoja au wawaache wote. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, naye akafa Januari 2016. Watu wenye bunduki walikuja na majina mawili tu ya kuwagawia abiria. Abiria wakayakataa yote mawili. Kisomali kina neno walaal, maana yake ndugu, nasi twadhani watu wa basi lile walilijua vizuri kuliko wahubiri wengi.

Turudi nyumbani kwa Danieli. Mzazi atafanya nini?

Kwanza alijue jina. Mtoto halitaji kwa hiari kama linamuumiza. Utaona dalili nyingine: hataki umfuate shuleni, hataki umwite kwa sauti mbele ya wenzake, anaomba anyolewe kipara kila Jumamosi, au amekataa kuvaa shati fulani. Usimhoji kama polisi. Muulize wenzake wanaitwa nani, kila mmoja, na kwa nini. Atawataja wote kwa kicheko, na mwishoni mwa orodha jina lake litajitokeza lenyewe, au atanyamaza ghafla, na huko kunyamaza utakuwa umepata jibu.

Kama jina ni la urafiki, uliache, na hata wewe mwenyewe ulitumie siku moja uone atakavyocheka. Kama ni jeraha, usiende uwanjani kuwatisha watoto, maana utalipigilia msumari. Watoto wa Betheli walimcheka Elisha kwa upara wake (2 Wafalme 2:23), na wahubiri wengine hupenda kuwatolea wadogo wale dubu wa aya inayofuata. Sisi hatuoni kama dubu ni njia ya malezi. Nenda kwa mama wa yule mtoto mwingine, keti mkekani, kunywa chai, mzungumze kama wazazi. Na akikwambia kwamba mwanao naye anamwita mwanawe jina fulani, umsikilize mpaka mwisho.

Kisha, ndani ya nyumba, mwite mwanao kwa jina lake lote. Jambo hili twalisema kwa sababu moja. Danieli maana yake ni Mungu ndiye mwamuzi wangu. Likikatwa likawa Dani, sehemu iliyokatwa ni Mungu. Vivyo hivyo Samweli akiwa Sam. Jirani zetu nao wanalo jambo hilo: Abdullahi ni mtumishi wa Mungu, na akiitwa Abdi tu, amebaki mtumishi, bila kutajwa wa nani. Hatusemi ni dhambi kukata jina. Tumekwisha kumtaja Prisila. Lakini ni vizuri pawe na mahali pamoja duniani ambapo mtoto husikia jina lake likitamkwa mpaka mwisho. Zakayo alikuwa mfupi, Luka asema hivyo wazi, na mji mzima ulimwita mwenye dhambi. Bwana alipofika chini ya ule mti, hakutaja kimo wala kazi ya kodi. Alimwita Zakayo.

Wachungaji wa ngamia wa huku wataelewa Yohana 10:3 kuliko sisi tulionunua maziwa ya pakiti. Wao huwapa ngamia wao majina. Mtu akisimama kwenye josho la maji wakati wa kiangazi, kundi la huyu na kundi la yule limechanganyika, vumbi limefunika kila kitu, mwenye ngamia haanzi kupiga fimbo. Anaita, na ngamia aliyeitwa anageuza shingo.

Tutamaliza na habari ya Naomi. Alirudi Bethlehemu mjane, amewazika wana wawili, akawaambia wanawake wa mji wasimwite Naomi tena, wamwite Mara, maana yake uchungu. Alijipa jina la utani mwenyewe, nalo lilikuwa na haki ya kutosha. Someni kitabu cha Ruthu chote muone kama kuna hata mtu mmoja aliyemwita hivyo. Hakuna. Waliendelea kumwita Naomi. Na sura ya 4, aya ya 17, Ruthu alipozaa mtoto, haikusemwa kwamba baba ndiye aliyempa jina, wala mama, wala nyanya aliyemkumbatia. Ni wanawake majirani waliompa. Walimwita Obedi. Ni neno la Kiebrania lenye maana ya mtumishi, na shina lake ni lile lile la neno la Kiarabu. Huyo ndiye baba yake Yese, baba yake Daudi. Kama angalizaliwa mtaa wa Bulla Iftin hapa Garissa, majirani wangemwita Abdi.